Bi. Dorotea Wankyo na Katoni Mia Nne na Ishirini

Jumanne, tarehe 30 Juni 1998, Bi. Dorotea Wankyo atakabidhi ofisi ya Mipango ya Uzalishaji na kustaafu akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Ameitumikia Rubana miaka ishirini na saba, chini ya mameneja sita, wakati wa uhaba na wakati wa soko huria. Wafanyakazi wapya wanamfahamu kama mama mtulivu anayetembea na karanga mfukoni na kuuliza maswali mafupi. Waliokuwapo mwaka 1994 wana mengi zaidi ya kusema juu yake, na si wote wanaosema mazuri. Taarifa hii ni kwa ajili ya makundi yote mawili.

Alizaliwa karibu na Butiama, akasomesha hesabu katika shule moja ya sekondari mjini Musoma kwa miaka minne, kisha mwezi Machi 1971 akaajiriwa hapa Bunda, katika Kiwanda cha Mafuta na Sabuni cha Rubana, kama karani wa uzalishaji. Wafanyakazi walitaka kumwita Mwalimu, wakaona jina hilo kule kwao lina mwenyewe. Wakamwita Madamu. Limebaki hilo.

Miaka ya uhaba ndiyo iliyomkuza kazini. Kostiki ya kutengenezea sabuni ilikuwa ikichelewa miezi, na ikija haikuwa ya kipimo kimoja. Bi. Dorotea alijiwekea utaratibu wa kufua nguo yake mwenyewe kwa sabuni ya kila mchanganyiko mpya kabla haijatoka getini. Mwaka 1983 kitenge chake cha Pasaka kilitoka kwenye beseni kikiwa na rangi ya mtindi. Wilayani walikuwa wakisubiri tani, na magari yalikuwa yameshapakiwa. Alikivaa kitenge hicho hicho, akaingia ofisini kwa meneja, akasimama mbele ya meza. Magari yalipakuliwa.

Siku hizo hakuna aliyemuuliza mtu mche mmoja wa sabuni umegharimu kiasi gani. Bei ilitoka juu. Kiwanda kilipimwa kwa tani, na zamu iliyotoa tani nyingi ilisifiwa kwenye mkutano wa Mei Mosi. Watu walivuka kutoka Ukerewe hadi Kisorya na magunia ya dagaa, wakaja kulala nje ya geti letu ili wabadilishane na sabuni. Chochote tulichotengeneza kiliondoka. Watu wazima waliolelewa katika utaratibu huo waliamini kitu kimoja bila kukifikiria, kwamba kiwanda kikizalisha zaidi, sabuni inakuwa rahisi zaidi.

Ilikuwa kweli kwa sehemu. Mshahara wa meneja, mlinzi wa geti na moto wa kuamshia boila ni gharama zile zile, ziwe katoni mia mbili kwa wiki au mia nne. Ukizigawa kwa katoni nyingi, kila moja inabeba kidogo. Lakini kuna mahali mambo yanageuka. Zamu ya tatu ilitegemea jenereta kwa sababu ya mgao wa umeme. Boila haikupata muda wa kusafishwa, mitambo ikavunjika, kuni zikafuatwa mbali zaidi. Kutoka hapo kila katoni ya ziada inapandisha gharama ya zote. Gharama inashuka, inafika chini, inapanda. Bi. Dorotea alilichora hilo ubaoni kwa chaki, na mafundi wakaliita bakuli la Madamu.

Mwaka 1993 sabuni kutoka Kenya ilianza kuingia kwa wingi kupitia mpaka wa Sirari, imefungwa vizuri, ina harufu ya maua. Yetu ilirundikana stoo hadi ikaota ukungu mweupe. Mwanzoni mwa 1994 uongozi uliarifiwa kwamba wakaguzi wa serikali wangekuja kutoka Dar es Salaam kuamua kama Rubana iendelee au ifungwe na mitambo iuzwe kwa kilo. Tulikuwa na kitu kimoja cha kuwaonyesha. Mfanyabiashara wa Musoma alikuwa tayari kusaini mkataba wa mwaka mzima, kwa shilingi 1,850 kila katoni. Tukiweza kutengeneza chini ya hapo, tunaishi.

Meneja wa wakati huo, Bwana Felisian Masatu, alimpa Bi. Dorotea kazi ya kutafuta kiwango chenye gharama ndogo kabisa. Alikiendesha kiwanda kwa viwango vitatu, wiki moja kila kimoja. Katoni mia mbili ziligharimu shilingi 2,040 kila moja. Katoni mia nne, 1,800. Katoni mia sita, yaani zamu zote tatu, 1,720. Alama tatu zinatosha kuchora mlinganyo wa kipeo cha pili. Ukiipa x thamani ya mamia ya katoni kwa wiki, gharama ya katoni moja ilikuwa 20x² − 240x + 2,440.

Kupata sehemu ya chini ya bakuli ni hesabu ya kidato cha tatu. Unachukua namba iliyo na x, unaigeuza alama, unaigawa kwa mara mbili ya namba iliyo na x². Mia mbili na arobaini kwa arobaini ni sita. Katoni mia sita. Zamu zote tatu zinabaki, na faida ni shilingi 130 kila katoni.

Bwana Masatu aliusaini mpango huo siku hiyo hiyo. Zamu ya tatu walipiga vigelegele. Miongoni mwao alikuwa Silasi Magesa, mdogo wa mume wa Bi. Dorotea, aliyekuwa akiishi nyumbani kwake.

Siku moja kabla ya wakaguzi kufika, Bi. Dorotea aliwaita wasimamizi wa zamu kuwaeleza watakachoulizwa. Msimamizi wa zamu ya tatu, Keraryo Machage, alikuwa na furaha.

"Madamu, ile wiki ya mia sita hatukulala," alisema. "Kuni ziliisha Jumatatu. Ofisi ikasema hela ya kuni mpaka wiki ijayo. Tukapiga risaga. Tulipanda kilima cha Balili zamu nzima na mapanga, tukakata, tukabeba."

"Nani aliwalipa?"

Wote walicheka.

"Risaga inalipwaga, Madamu? Robi wa kufunga sabuni alipika uji."

Kwa msomaji asiyetoka huku, risaga ni kazi ambayo majirani humfanyia mwenzao aliyezidiwa, kwa mfano shamba lake likiwa limemezwa na majani. Malipo yake ni chakula na kinywaji. Hakuna anayeidai wala anayeiandika. Wafanyakazi wa zamu ya tatu walikiona kiwanda kimezidiwa, wakakifanyia kama ambavyo wangemfanyia jirani. Hata saa za ziada za wiki ile hawakuzidai, kwa sababu kwao hazikuwa saa za kazi. Hawakudanganya mtu. Mhasibu naye hakudanganya, maana hakuna aliyemletea kitu cha kulipa.

Bi. Dorotea aliacha kucheka kabla ya wengine. Alitambua kilichotokea kwa sababu naye ni wa huku. Jirani akikuitikia leo, huwezi kumwita tena kila Jumatatu kwa mwaka mzima. Mkataba ulikuwa wa mwaka mzima.

Alimketisha Machage, wakatia bei ya soko kwenye kila mzigo wa kuni na kila saa ya kazi. Jumla ilikuwa shilingi laki moja na arobaini na nne elfu kwa wiki ile, sawa na 240 kwa kila katoni. Kwa hiyo katoni mia sita hazikugharimu 1,720 kila moja. Ziligharimu 1,960. Alichora upya. Mlinganyo ukawa 50x² − 420x + 2,680. Mia nne na ishirini kwa mia moja ni nne nukta mbili. Katoni mia nne na ishirini kwa wiki, kwa shilingi 1,798 kila moja.

Faida ilikuwa shilingi 52. Zamu mbili zingetosha, kwa saa chache za ziada. Zamu ya tatu, watu ishirini na wanane, haikuwa na nafasi ndani ya bakuli.

"Mama Nyamhanga," Bwana Masatu alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe, "acha mia sita ilale hapo hapo. Wageni wakishapanda ndege tutarekebisha."

"Tukishasaini kuuza kwa 1,850 kitu kinachotugharimu 1,960, meneja, mkataba utarekebishwa na nani?"

"Unawafukuza watu wako mwenyewe. Shemeji yako yumo."

"Najua yumo."

Bwana Masatu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu ishirini na wanane mlangoni na siku moja mkononi. Lakini alimwachia Bi. Dorotea awaeleze wakaguzi mwenyewe.

Wakaguzi walikuwa watatu. Kiongozi wao aliyatazama makaratasi mawili, la kwanza na la pili, akayaweka mezani. "Mama, jana 1,720, leo 1,960. Kesho itakuwa ngapi?"

Lilikuwa swali la haki. Alama tatu zina tatizo moja ambalo Bi. Dorotea amelisimulia mara nyingi tangu wakati huo. Ukikosea moja, mlinganyo unapita juu yake vile vile bila kulalamika. Makaratasi yote mawili yalikuwa na mchoro safi. Ilihitajika alama ya nne.

Akapendekeza kiwanda kiendeshwe wiki moja kwa katoni mia tano, kuni zikinunuliwa na kila saa ikilipwa. Kabla ya boila kuwashwa aliandika ubaoni, mbele ya wakaguzi na wasimamizi, namba ambazo milinganyo miwili ilitabiri. Wa kwanza ulisema 1,740. Wa pili ulisema 1,830. Namba itakayotoka ikiwa karibu na ya kwanza, zamu ya tatu inabaki. Ikiwa karibu na ya pili, inaondoka. Kiongozi wa wakaguzi alikubali, akaongeza kwamba ikitoka mbali na zote mbili atapendekeza kiwanda kifungwe, kwa kuwa hakijui hesabu zake.

Habari ilizunguka Bunda kabla ya jioni. Kila mtu wa zamu ya tatu alielewa kwamba njia ya kuokoa kazi yake ilikuwa ile ile ya mwanzo, kusaidia. Mizigo michache ya kuni isiyoandikwa, saa chache zisizodaiwa, na namba ingeshuka. Bi. Dorotea alikwenda kwao mchana, akasimama kwenye uwanja wa kuni.

"Nawaomba msinisaidie," alisema.

"Madamu, watu wanaombaga msaada," mmoja alijibu kutoka nyuma. "Wewe ndio wa kwanza kuukataa."

Nyumbani Silasi aliacha kula mezani kwake. Alichukua sahani yake akaenda kwa jirani. "Shemeji, hesabu yako inakula watu," alimwambia mlangoni, na kwa siku zilizobaki za wiki ile hakumwambia kingine.

Siku ya tatu ya jaribio Robi Gati, mfungaji sabuni wa zamu ya tatu, alipita geti na mzigo wa kuni kichwani. Nyuma yake walikuwa wengine sita, nao na mizigo. Bi. Dorotea aliwakuta njiani kabla hawajafika kwenye boila.

"Hizi ni zangu," Robi alisema. "Nimezikata mwenyewe. Natia moto ninapotaka."

"Nenda ukatie moto nyumbani kwako, Robi."

"Nyumbani kwangu nitapikia nini, na wewe unanitoa kazini?"

Watu walianza kusogea. Mbele yao boila ilikuwa ikinguruma, na mkaguzi mmoja alikuwa ametoka kwenye kivuli cha stoo kuangalia. Kumzuia kwa nguvu kungewasha ugomvi. Kumpisha kungeharibu namba, na mkaguzi angeona.

Akamwita mhasibu. Akamwambia apime mzigo wa Robi, amlipe bei ya soko papo hapo, aiandike kwenye gharama za wiki. Kisha wa nyuma yake. Kisha aliyefuata. Kuni ziliingia kwenye boila, na kila moja ilikuwa imenunuliwa.

Robi aliziangalia noti mkononi. "Kwa hiyo na hii imekuwa gharama?"

"Imekuwa gharama."

"Mama huyu," Machage alisema, "amegeuza risaga kuwa duka." Watu walicheka, lakini si kwa furaha, na mizigo haikuletwa tena. Machage mwenyewe aliulinda uwanja wa kuni hadi Jumamosi. Hakuna aliyemwagiza. Alipoulizwa baadaye alisema tu kwamba kama ataondoka, anataka aondolewe na namba ya kweli.

Jumatatu mhasibu aliisoma hesabu mbele ya wote. Katoni mia tano, shilingi 1,834 kila moja.

Kiongozi wa wakaguzi aliangalia ubao ambako 1,830 ilikuwa imekaa kwa wiki nzima, akapiga mstari chini yake kwa chaki. Rubana iliruhusiwa kuendelea. Mkataba wa Musoma ulisainiwa kwa katoni mia nne na ishirini kwa wiki. Mwisho wa mwezi ule watu ishirini na wanane walipunguzwa kazi. Bi. Dorotea aliomba awakabidhi barua zao yeye mwenyewe, mmoja mmoja, na akafanya hivyo. Baadhi walimshika mkono. Robi aliichukua barua bila kumtazama.

Miezi iliyofuata haikuwa rahisi. Sokoni kulikuwa na wauzaji waliomwambia samaki wameisha wakati sato wanaonekana kwenye beseni. Parokiani kuna benchi ambalo watu walihama alipokaa. Hakuomba uhamisho na hakujitetea. Alikuwa akifanya hesabu nyingine.

Alikuwa ameiona mapema sana, siku ile ile ya mazungumzo na Machage. Namba zilizo mbele ya x hazikutoka mbinguni. Ile hamsini ilikuwa kubwa kwa sababu kuni na dizeli ya zamu ya tatu zilikuwa ghali. Zikipungua, bakuli linafunguka na sehemu yake ya chini inasogea kulia, kwenye katoni nyingi zaidi. Tulikuwa tukitupa maganda ya mbegu za pamba nyuma ya kiwanda, rundo refu kuliko nyumba. Aliwabembeleza mafundi wajaribu kuyachoma kwenye boila. Mara ya kwanza yalizima moto. Mara ya pili yalijaza moshi hadi barabara kuu, na polisi wakaja kuuliza. Fundi mkuu alitaka kuacha. Bi. Dorotea alimletea karanga akamwomba ajaribu mara nyingine.

Tanuru la maganda lilianza kazi mwaka 1996. Safari hii alipima kwa alama tano, na tangu 1994 hajawahi kukubali tatu kutoka kwa mtu yeyote. Sehemu ya chini ilihamia katoni mia tano na sitini, na zamu ya tatu ikafunguliwa. Waliitwa wote ishirini na wanane. Walirudi kumi na tisa, Machage akiwa wa kwanza.

Tisa hawakurudi. Wengine walikuwa wamepata mashamba au biashara Kisorya na Musoma. Mmoja alikuwa amefariki. Silasi alikuwa Murangi, ufukweni mwa ziwa, na mtumbwi wake, akiuza sangara kwa magari ya viwanda vya samaki. Bi. Dorotea alimfuata huko na barua mkononi.

"Shemeji, mimi sirudi," alimwambia. "Huku ziwani hakuna bakuli lako. Nikivua zaidi, napata zaidi."

"Ngoja kidogo," alimjibu. "Na ninyi wote mkishanunua nyavu, nitakuja kukuchorea."

Inasemekana siku hiyo walikula sahani moja.

Katika miaka yake ya mwisho Bi. Dorotea amefundisha vijana wanne wa ofisi yake. Hakuwaanzishia na mlinganyo. Aliwapeleka kwanza uwanja wa kuni, getini, jikoni na kwenye karakana, wakauliza watu wamefanya nini wiki ile ambacho hakuna aliyewalipa. Atakayemrithi ni mmoja wao, Petronila Burito, ambaye anasema swali hilo limempatia majibu ya ajabu, likiwamo la fundi aliyekuwa akiazima spana za kaka yake kwa miaka mitatu.

Mume wake, Mzee Magesa, amemaliza kupaua nyumba yao Butiama. Kuna ng'ombe wachache, mihogo, na shule ya msingi jirani ambayo imeshamwomba hesabu za darasa la saba. Amesema atafikiria. Wanaomfahamu wanajua ameshakubali.

Sherehe ya kumuaga itafanyika bwaloni saa nne asubuhi. Mashine hazitasimamishwa, kwa ombi lake mwenyewe, kwa kuwa saa mbili za kusimama zitaharibu hesabu ya wiki. Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi ni Robi Gati, ambaye sasa ni msimamizi wa kitengo cha kufunga sabuni. Alipoombwa neno la kuweka katika taarifa hii, alifikiri kidogo.

"Andika kwamba ile miaka miwili niliyokaa nyumbani sijaisahau," alisema. "Andika pia kwamba chakula cha siku hiyo nitakipika mimi, na simwachii mtu mwingine hata kukoroga."

Bi. Dorotea, uongozi na wafanyakazi wa Rubana wanakushukuru kwa kazi yako, pamoja na ile iliyotuuma. Fika salama Butiama, uwe na afya njema, na mvua ya kwanza ikukute umeshapanda.